Deni la Kariokor na Hesabu za Wakubwa wa Dunia

Jumatano, tarehe 25 Juni 2025, habari mbili zilifika Nairobi kwa wakati mmoja, na katika magazeti niliyoyasoma mimi hazikuwekwa karibu karibu. Ya kwanza ilitoka The Hague, huko Uholanzi, ambako wakuu wa mataifa ya NATO walikubaliana ya kuwa ifikapo mwaka 2035 kila taifa litakuwa likitumia asilimia 5 ya pato lake kwa ulinzi na mambo yanayohusiana na ulinzi. Ya pili ilitoka hapa hapa. Vijana waliingia mabarabarani kuwakumbuka wenzao waliouawa tarehe kama hiyo mwaka uliotangulia, na lilipokuchwa jua watu zaidi ya 10 walikuwa wamekufa nchini.

Ijumaa iliyofuata, mwaka wa Hijra 1447 ukiwa ndio kwanza unaingia, nilikwenda mtaa wa Kariokor kuzika. Marehemu alikuwa jirani yangu wa zamani huko Shauri Moyo, na makaburi ya Waislamu ya Kariokor yanajulikana na kila msomaji wetu wa Mombasa au Lamu aliyewahi kufiwa Nairobi. Tulipokwisha kuzika na watu kutawanyika nikaingia sokoni, kwa kuwa ukanda wa kiatu changu ulikuwa umekatika katika udongo wa makaburini. Soko la Kariokor lina mafundi wa viatu vya ngozi tangu zamani. Nilimwendea mzee mmoja wa Majengo, Pumwani, ambaye hushona makubadhi yasiyoaibika mbele ya yale ya kwetu Pwani. Tukaamkuana, akanipa kigoda, na redio yake ndogo ilikuwa ikirudia habari za The Hague. Mzee akautua msharasi.

"Asilimia tano ya nini, mwanangu?"

"Ya pato la nchi, mzee. Kila wakipata shilingi mia, tano ziende kwa askari na silaha."

"Na mzigo atauchukua nani?"

Nilidhani ananitania, lakini uso wake haukuwa na mzaha. Babu yake mzaa baba, alinieleza, aliletwa mahali pale pale tulipoketi, akavishwa kibati cha namba, akaondoka na mzigo kuelekea Voi, na habari yake haikusikiwa tena. Jamaa zake hawakuletewa barua wala senti moja.

Wapo vijana wengi wa Eastlands wanaodhani kwamba Kariokor ni jina la Kikamba au la Kihindi. Wenzao wa Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao na wengi hawaulizi ilikotoka. Majina hayo mawili ni Kiingereza kilichotafunwa na vinywa vya wapagazi, yaani Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapa ndipo palipokuwa na kambi yao. Mtaa ukajengwa baada ya vita, na jina likabaki kama doa la mafuta kwenye kanzu.

Vita vile vilipoanza mwaka 1914, Waingereza wa Nairobi na Wajerumani wa nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika walikutana katika pori lisilo na barabara, lenye mbung'o waliomaliza farasi, ng'ombe na punda. Jemadari wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa akirudi nyuma kwa makusudi, huku akiwavuta Waingereza mbali na reli. Basi kila risasi, kila kopo la nyama na kila gunia la unga lilisafiri juu ya kichwa cha mtu.

Hebu tufanye hesabu ndogo ya vidole, msomaji. Mpagazi anachukua kilo 25 za unga. Kwa siku yeye mwenyewe anakula kilo moja. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20 katika zile 25, na kilo alizomfikishia askari ni 5 tu. Askari 1,000 wanaotaka kilo moja kila mtu kwa siku watahitaji wapagazi 200 wafike kila siku, na kwa kuwa kila mpagazi anatumia siku 20 njiani, jumla yao ni 4,000. Hao ni wa chakula peke yake. Risasi, mahema, dawa na viti vya mabwana wakubwa havimo. Na ukimsogeza askari mbele siku mbili na nusu tu, mpagazi atakula mzigo wote njiani na afike mikono mitupu. Kwa sababu hiyo watu walitafutwa kwa maelfu, na walipokwisha wakatafutwa wengine. Sheria ya kuwashurutisha ilipitishwa mwaka 1915, na mwaka 1917 John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu nchi nzima, akapata zaidi ya 100,000 katika miezi michache. Mshahara wa mpagazi uliteremshwa hadi rupia 5 hivi kwa mwezi.

Pwani haikuachwa. Wagiriama, ambao tayari walikuwa wamekataa kutoa vijana wao kwa kazi za Serikali, na ambao Mekatilili wa Menza alikuwa amewalisha kiapo, walipigwa mwaka 1914, nyumba zao zikachomwa, wakatozwa faini ya rupia 100,000, na juu ya faini wakatakiwa kutoa watu 1,000 wa kuchukua mizigo ya vita. Yaani mtu anakuchomea nyumba, kisha anakudai kodi ya moto.

Risasi iliwaua wapagazi wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na unga wa mahindi usioiva ambao matumbo ya watu waliozoea ndizi au mtama hayakuuweza. Hesabu za Serikali baada ya vita zilitaja vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliopekua mafaili wanakaribia 100,000 kwa upande wa Waingereza peke yake, na hawakubaliani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiandika sawasawa. Afisa mmoja wa Wizara ya Makoloni aliandika, na maneno yake ninayatoa kwa maana tu, kwamba mambo haya yangekuwa kashfa kubwa lau walioumia zaidi wasingekuwa wapagazi, kwani nani anayewajali wapagazi wa kienyeji? Bwana yule alisema kweli, na sidhani kama alikusudia ubaya.

Lakini vifo si mwisho wa habari hii. Wengi walikufa na mishahara yao ingali ndani. Ilikuwa imekwisha kufanyiwa kazi, rupia kwa rupia, na kilichokosekana kilikuwa mkono wa kuipokea. Oscar Watkins, Mwingereza aliyekiongoza kikosi chenyewe, aliipigania fedha hiyo kwa barua miaka mingi baada ya vita. London ilikataa kuitoa. Katika mafaili iliitwa mishahara isiyodaiwa. Maiti gani adai? Sisi tuliolelewa katika sharia ya mirathi tunaijua njia: mtu akifa hutolewa gharama za maziko, kisha madeni yake, kisha wasia, na kinachobaki wagawane warithi. Anachodai yeye kwa watu ni mali yake vile vile, na aliyenacho hana ruhusa ya kukaa nacho kwa hoja kwamba mwenyewe hakuja kubisha hodi. Hata mtu asiyejua sharia yoyote, muuza makaa wa Makongeni, analijua hilo.

Mzungu aliyepigana katika vita vile vile alidai na akapewa. Mwaka 1919 ulitolewa mpango wa kuwagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, na sehemu ya ardhi hiyo ilimegwa kwa Wanandi, ambao vijana wao walikuwa wamepigana upande ule ule. Wapagazi waliwekewa sanamu. Ipo Nairobi, na Mombasa pia tunayo yetu, ya mwaka 1927. Maandishi yake ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanawasifu kwa maneno mazuri sana. Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza iliona hayo yanatosha, na majina ya wapagazi hayakuandikwa popote.

Ilichukua miaka mia na ushee kwa mtu kulisema jambo hili kwa sauti. Mnamo Aprili 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Mwaka 2023, tarehe 1 Novemba, Mfalme Charles mwenyewe alifika makaburi ya vita ya Kariokor, akawapa medali mpya wazee wetu waliopigana Vita vya Pili, ambao medali zao za kwanza zilipotea au walizitupa wakati wa hatari ya Mau Mau. Kesho yake akawa Mtongwe akiwatazama wanamaji wa Kenya na wa Uingereza wakifanya mazoezi ya kutua ufuoni, na siku ya pili yake akazuru mskiti wa Mandhry, Mji wa Kale. Katika hotuba yake ya Ikulu alitaja huzuni na majuto kwa maovu ya ukoloni. Msamaha rasmi hakuomba, na fidia hakuitaja.

Nilimkumbusha mzee ziara ile. Alisema aliona magari.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana vita vikiisha havilipwi na waliovianzisha. Mwaka 1920 na 1921 Serikali ya Kenya, ikiwa na deni na bei za mazao zimeanguka, ilipandisha kodi ya kichwa na ya nyumba hadi rupia 8, yaani shilingi 16, na kila mwanamume akatakiwa kuvaa kipande. Mashamba ya Wazungu nayo yakataka kupunguza mishahara. Kijana mmoja aliyekuwa karani wa simu katika idara ya hazina, Harry Thuku, akakataa hadharani. Alikamatwa Machi 1922, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, na tarehe 16 risasi zikapigwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu, kisha baadaye kodi ikateremshwa hadi shilingi 12, jambo linaloonyesha kwamba zile 16 hazikuwa za lazima kama walivyoapa.

Mtu akisoma habari hizo na huku ameishi Nairobi mwaka 2024 hahitaji kuelezwa. Lakini nitaeleza, kwa kuwa wapo wanaosema fujo za Juni 2024 zililetwa na utovu wa adabu wa vijana na simu zao.

Mnamo Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Kenya hununua ng'ambo sehemu kubwa ya ngano yake, na nchi hizo mbili zilikuwa miongoni mwa wauzaji wetu wakubwa. Bei ya ngano, mafuta ya gari na mbolea ikaruka. Mama mpika chapati wa Kaloleni, ambaye Ukraine haijui hata kwenye ramani, alifanya alichoweza: aliipunguza chapati badala ya kupandisha bei. Huko Marekani benki kuu ikapandisha riba, kutoka karibu na sifuri mwezi wa Machi 2022 hadi kupita asilimia 5 katikati ya 2023, ili kuzuia bei zao zisipande. Wenye fedha duniani wakaona afadhali kuikopesha Marekani, ambayo inakopa mabilioni na haikosi kulipa, kuliko kuikopesha Nairobi. Shilingi yetu ikaanguka hadi dola moja ikauzwa karibu Sh160 mwanzoni mwa 2024. Na deni letu la dola bilioni 2, tulilokopa mwaka 2014 katika soko la kimataifa, lilikuwa linaiva Juni 2024. Ili tulilipe tukakopa jingine mwezi wa Februari, dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75. Kisha ukaja Mswada wa Fedha uliotaka kukusanya Sh346 bilioni zaidi. Mkate nao ulikuwamo katika orodha ya kwanza, hata kelele zilipozidi ukatolewa.

Hapo vijana wakatoka. Tarehe 25 Juni 2024 waliingia Bungeni, risasi zikapigwa, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi. Siku hiyo hiyo polisi wetu wa kwanza, 400 hivi, walitua Haiti kwenda kutuliza ghasia za watu wengine. Rais akauondoa Mswada kesho yake. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilihesabu waliokufa 39 kufikia mwanzo wa Julai, na hesabu ikaendelea kupanda.

Sisemi kwamba yote yametoka Ukraine na Washington. Mwizi wa ndani anakijua kitasa kuliko mwizi wa nje. Deni la taifa, lililopita Sh10 trilioni kufikia Juni 2024, halikukopwa na mama wa chapati, na si lote lililoonekana likijenga kitu. Wakubwa wetu walikula kwa mikono miwili katika miaka ya riba nafuu na sasa wanatulaumu sisi kwa kutoshiba. Hata hivyo ni lazima msomaji aone namna mzigo unavyosafiri. Taifa kubwa likitaka bunduki linakopa. Likikopa sana, bei ya fedha inapanda kwa kila mkopaji. Na mkopaji dhaifu, ambaye hana bunduki wala kiwanda cha bunduki, analipa zaidi kwa ajili ya shule na barabara zake.

Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, ambayo kazi yake ni kuhesabu silaha, inasema mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi. Marekani peke yake ilitumia bilioni 997. Israel, katika mwaka ambao Gaza ilikuwa ikibomolewa nyumba kwa nyumba, iliongeza matumizi yake kwa asilimia 65. Ukizigawa bilioni hizo kwa watu wote duniani inakuwa zaidi ya dola 330 kwa kila roho, karibu Sh43,000, mtoto aliyezaliwa leo asubuhi katika hospitali ya Pumwani akiwamo. Uingereza ilitoa mfano safi kabisa. Tarehe 25 Februari 2025 Waziri Mkuu Starmer alitangaza kwamba fungu la jeshi litapanda hadi asilimia 2.5 ya pato, na ili lipatikane, fungu la kusaidia nchi maskini litashuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ifikapo 2027. Waziri wake wa misaada akajiuzulu. Wengine huficha kitu kama hicho katika kurasa za nyuma. Bwana Starmer alikisema kwa sentensi moja, na kwa hilo nampa haki yake.

Tukiuliza nani anawajibika, mfano ulio karibu nasi ni wa Tanzania. Serikali ya nchi hiyo ilinunua rada kwa kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ililalamika kwamba ni ghali mno. Clare Short, aliyekuwa waziri wa misaada London, aliipinga ndani ya baraza lake mwenyewe. Serikali ya Blair ikatoa kibali cha kuiuza mwishoni mwa 2001. Miaka ilipopita ikadhihirika ya kuwa BAE ilimlipa dalali dola milioni 12.4 katika biashara hiyo. Mwaka 2008 waziri mmoja, Andrew Chenge, alijiuzulu baada ya kugundulika kwamba ana zaidi ya dola milioni moja katika kisiwa cha Jersey. Alikana kwamba zinahusiana na rada, na hakuhukumiwa kwa jambo hilo. Lakini yeye mwenyewe alipoulizwa juu ya fedha hizo aliziita vijisenti, na Watanzania hawajalisahau neno hilo, wala sidhani watalisahau.

Kampuni ilifikishwa mahakamani London Desemba 2010. Haikukiri rushwa, ilikiri kutoweka hesabu vizuri. Jaji aliitoza faini ya pauni 500,000, na kwa mapatano ikakubali kuwalipa watu wa Tanzania pauni milioni 29.5, zilizofika mwaka 2012 zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Huko Bara waliziita chenji ya rada. Ni kichekesho, lakini kichekesho chenye faida: mtoto fulani wa Tabora alikalia dawati lililotokana na rada. Kwa yule mpagazi wa 1917 hata chenji haikutoka.

Na sisi wa Pwani tusiwacheke Watanzania, tulikuwa na meli. KNS Jasiri iliagizwa mwaka 2003 kwa Sh4.1 bilioni, ikakaa Spain miaka mingi kwa ajili ya mgogoro wa mkataba, ikaingia Mombasa 2012. Waliopita na feri ya Likoni miaka ile walisikia kila namna ya maelezo juu yake.

Nimeambiwa mara nyingi, hata na jamaa zangu, kwamba mtu anayelalamikia silaha hajui hatari. Naijua. Mpeketoni 2014 naikumbuka, na Garissa ya Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa chuoni, siwezi kuisoma tena. Nyumba haikosi mlango, na mlango haukosi kitasa. Ninachouliza ni hesabu. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa na askari wetu wengi wakafa. Magazeti ya nje yalitaja idadi kubwa mno. Serikali yetu haikutoa hesabu kamili. Walikuwa askari wetu wenyewe, wenye majina na namba, wenye wake na watoto, na miaka 99 ilikuwa imepita tangu kukusanywa kwa wapagazi wa Ainsworth.

Upande mwingine wa vita hivyo uliangukia Eastleigh, mwendo wa dakika chache kutoka Kariokor. Mnamo Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walizolewa majumbani usiku wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Wapo waliozaliwa Nairobi na waliotembea na vitambulisho vya Kenya mfukoni. Mtaa wenyewe umekua ukipakana na uwanja wa ndege wa kijeshi, na Eastlands kwa jumla imezoea kuamshwa na askari: tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliizunguka mitaa hii na kuwachukua wanaume kwa malori katika operesheni waliyoiita Anvil. Walioteswa katika miaka ile ya Mau Mau walingoja hadi 2013 ndipo Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, nayo ilikubali baada ya kuburutwa mahakamani na wazee wanaotembelea mikongojo. Hao walikuwa hai, na walipata mawakili.

Ukitembea mitaa hii utaona kwamba vita vyote vya wakubwa vimeacha majina. Soko la Burma linalouza nyama karibu na Shauri Moyo limeitwa kwa ajili ya vijana waliopelekwa Asia kupigana na Wajapani. Upande wa Kamukunji, mafundi wa jua kali wanagonga mabati kutwa kucha wakitengeneza masanduku ya wanafunzi, majiko na makarai. Nilisimama hapo kidogo nikienda zangu stendi. Sanduku la bati likiuzwa linakwenda shule, mwaka wa pili linakwenda tena, likichakaa linakuwa la kuwekea makaa. Kombora la dola milioni moja linatumika mara moja, na palipotumika panahitaji sanduku la namna nyingine. Wachumi wanaosema kwamba viwanda vya silaha hukuza uchumi waje waketi Kamukunji saa moja.

Lakini nimetangulia. Kiatu changu kilikuwa bado kwa mzee. Alikuwa ameupitisha uzi, akaukata kwa meno, akakigonga kiatu mara mbili kwenye kigogo na kunipa nijaribu. Nikamuuliza kama ukoo wao umewahi kuandika popote kutafuta habari za babu. Akasema baba yake aliandika kwa DC zamani, kabla ya Uhuru, akajibiwa aeleze namba iliyokuwa kwenye kibati.

Nikatoa fedha. Akazihesabu, akanirudishia Sh20 iliyozidi, ingawa nilimwambia azichukue.

"Hiyo asilimia tano," akaniuliza nilipokuwa nikivaa, "ni ya mwezi au ya mwaka?"

"Ya mwaka, mzee. Kila mwaka."

Akaitikia kwa kichwa, akashika kiatu cha mtu mwingine.